Jinsi ya kujifunza sindano za urembo kwa miwani ya uhalisia pepe: mwongozo kwa matabibu wa Mtwara na Lindi

Kila kundi jipya la madaktari, maafisa tabibu na wauguzi likianza mazoezi ya sindano za uso hapa Mtwara, maswali ni yale yale. Ninunue miwani ipi? Mbona nasikia kichefuchefu? Bando linaisha kabla programu haijashuka, nifanyeje? Na lile linalonitia hofu kuliko yote: nikipata alama zote kwenye programu, naweza kumchoma mteja? Nimeyajibu sana kwa mdomo na kwa simu. Sasa nayaweka kwa mpangilio, ili mwenzangu aliye Nachingwea, Masasi au Kilwa aanze bila kusubiri nipate nafasi.

Swali la mwisho nalijibu hapa hapa: huwezi. Miwani ya uhalisia pepe (VR) hukufundisha kuona kilicho chini ya ngozi na kuamua haraka mambo yanapoharibika. Kujua kwa mkono kwamba sindano imeingia kwenye msuli au imegusa mfupa, hilo hutalipata humo. Ukilielewa tangu mwanzo, kifaa hiki kitakufaa sana, hasa sisi tulio mbali na wanaoifanya kazi hii kila siku.

Na asikuambie mtu kwamba haya ni mambo ya anasa ya Dar es Salaam. Wateja wapo, na wasipompata tabibu wanaishia saluni. Tena dawa yenyewe ilianza kwenye tiba: botulinamu toksini, ile inayolegeza misuli, iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifunga zenyewe, na mikunjo ya katikati ya nyusi ikafuata mwaka 2002. Mkono uliozoea kuchoma kiasi kidogo kwa kina sahihi ndio huo huo utakaochoma triamsinoloni, dawa ya steroidi, kwenye keloidi ya sikio.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Leseni hai ya taaluma yako. Madaktari wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Uliza baraza lako mipaka ya kazi yako, upate jibu la maandishi. Kama wewe si mtaalamu wa afya, mwongozo huu haukuhusu, na nakusihi usiutumie kumchoma mtu.
- Msimamizi. Daktari aliyekwisha kufanya sindano hizi kwa watu halisi na aliye tayari kukaa nawe. Kama humpati, usinunue chochote kwanza.
- Miwani inayojitegemea, isiyohitaji kompyuta. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 au Quest 3S ya mwaka 2024 zinatosha kabisa. Quest 2 ya mwaka 2020 iliyotumika inafaa kwa anatomia, ila picha yake si kali.
- Simu janja ya kuisajili miwani, na Wi-Fi (ya simu nyingine inatosha).
- Programu mbili: ya anatomia, kama 3D Organon, na ya mazoezi ya sindano, ambayo mara nyingi hutolewa na kampuni au chuo kwa akaunti maalumu. Video ya nyuzi 360 ni nzuri kwa kutazama, lakini haikufanyishi uamuzi. Usiihesabu kuwa mazoezi.
- Chumba chenye nafasi wazi ya mita 2 kwa mita 2, kiti kisicho na magurudumu, na pazia.
- Power bank. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, usilazimike kuanza upya.
- Vya mazoezi ya mkono: mabomba ya sindano ya mililita 1, sindano za geji 30, salaini, rangi ya chakula, mapaja ya kuku yenye ngozi, glavu, na kisanduku cha kutupia sindano.
- Daftari. La karatasi.

Hatua ya 1: Tayarisha chumba

Funga mapazia kabla hujaitoa miwani kwenye mkoba. Lenzi zake hukusanya mwanga, na jua la Mtwara likipenya dirishani na kuzigusa kwa muda mfupi tu, kioo cha ndani huungua madoa yasiyofutika. Hakuna fundi wa kukurekebishia. Usiiache juu ya meza ikiangalia juu, wala ndani ya gari.

Unyevu wa pwani nao ni adui. Hifadhi miwani kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme. Lenzi futa kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti usiipake hapo kamwe.

Hatua ya 2: Pakua kila kitu mapema

Programu hizi ni nzito. Pakua usiku kwa bando la usiku, au nenda nayo mahali penye intaneti ya waya. Baada ya kupakua, fungua programu mara moja ukiwa bado mtandaoni ili ikutambue, kisha zima Wi-Fi na uifungue tena. Kama inakataa bila mtandao, ni afadhali ulijue leo kuliko kulijua Nyangao mbele ya darasa zima.

Hatua ya 3: Vaa vizuri

Rekebisha mkanda wa nyuma kwanza, ukae chini ya kisogo, kisha ule wa juu. Uzito ubebwe na kichwa kizima. Mashavu yakiuma, umekaza vibaya. Halafu panga umbali wa lenzi ufanane na umbali wa mboni zako: Quest 2 ina nafasi 3 (milimita 58, 63 na 68), Quest 3 ina gurudumu dogo la kuzungusha. Wengi huruka hapa, kisha wanalalamika kichwa kinauma. Katika kazi hii kuna sababu kubwa zaidi: lenzi zikiwa mahali pasipo pako, makadirio ya kina yanapotea, na kina ndicho unachokuja kujifunza.

Mkiwa kundi, wekeni kifuniko cha silikoni kinachofutika na mkisafishe kila anapobadilika mtu, kwa kitambaa chenye dawa isiyo na alkoholi. Mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 hatujausahau. Mwenye jicho jekundu asivae siku hiyo, hata akiwa ndiye mkufunzi.

Hatua ya 4: Zoea

Siku ya kwanza dakika 15, umekaa. Usiguse sindano. Tembeza macho, shika vitu, viweke chini. Mwenye kifafa au historia ya degedege asivae bila ushauri wa daktari wake. Ukisikia jasho la ghafla au mate kujaa mdomoni, vua hapo hapo. Ukijikaza hali huzidi, na mwili hujifunza kuichukia miwani.

Hatua ya 5: Ramani kwanza, sindano baadaye

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko penginepo, na ndipo watu wanapopita mbio kwa sababu hakuna alama za kupata.

Fungua programu ya anatomia. Ondoa ngozi, ondoa mafuta, ondoa misuli, bakiza mifupa na ateri. Anza na ateri ya uso. Inavuka mfupa wa taya mbele kidogo ya msuli wa kutafunia, inapita pembeni mwa mdomo, inaambaa na pua hadi pembe ya ndani ya jicho. Sasa vua miwani. Kaza meno, tafuta ukingo wa mbele wa ule msuli kwenye taya yako mwenyewe, legeza, bonyeza taratibu kwa kidole: itadunda. Ulichokiona ndani na unachokigusa nje vikutane.

Vaa tena, nenda kwenye paji. Utaona ateri mbili kila upande zikitoka ndani ya tundu la jicho na kupanda juu, moja karibu na pua, nyingine kwenye kijitundu cha ukingo wa mfupa. Zifuate kurudi nyuma. Zote zinatokana na ateri ya jicho, na ateri hiyo hiyo ndiyo inayotoa tawi la kulisha retina. Fila, yaani ile jeli ya kujaza mikunjo na midomo, ikisukumwa kwa nguvu ndani ya moja ya hizo, inaweza kwenda kinyume na mkondo wa damu, kisha ikasukumwa mbele hadi retina. Ndiyo maana katikati ya nyusi na puani ni maeneo ya hatari kubwa kuliko yote kwa fila. Anayeanza asiyaguse kabisa kwa fila.

Maliza na panja, ilipo ateri ya juujuu, na kile kitundu chini ya jicho ambamo neva na ateri hutokea.

Zoezi ninalolipenda: chukua wanja, mwombe mwenzako akubali, umchoree ateri zote usoni bila kutazama kitabu. Kisha rudi ndani ya miwani ujisahihishe. Rudia siku nyingine kwa uso mwingine, kwa sababu mishipa haifanani kwa watu wote, na programu huonyesha ile ya kawaida tu.

Hatua ya 6: Fanya utaratibu mzima kwa sauti

Anza na toksini kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Unachofanya ndani ya miwani, kitamke, na msimamizi aone kupitia simu au runinga kile unachokiona (miwani na simu ziwe kwenye Wi-Fi moja).

Tamka maswali kwa mteja: ana mimba, ananyonyesha, ana ugonjwa wa kudhoofika misuli kama miasthenia gravisi, ana uambukizo hapo pa kuchoma, anatumia dawa gani? Gentamisini, ambayo kwetu hutumika sana, huongeza nguvu ya toksini. Wengi hawaikumbuki.

Tamka hesabu. Chupa ya Botox ya yuniti 100 ikichanganywa na mililita 2.5 za salaini, kila mililita 0.1 ina yuniti 4. Nukta ni 5: moja katikati, mbili kila upande kwenye msuli wa kukunja nyusi. Jumla yuniti 20. Dysport, toksini ya kampuni nyingine, kwa eneo hilo hilo ni yuniti 50. Yuniti za kampuni moja hazibadilishwi na za nyingine, hata kidogo. Programu nyingi zimefungwa kwenye bidhaa moja. Ukiwa na chupa nyingine mezani, namba za programu ni hatari kwako. Na chupa yoyote ipite kwa muuzaji anayetambulika na isajiliwe na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 njia nzima mpaka inafika kwako. Uliza ilisafirije kutoka Dar es Salaam.

Tamka kina na mahali. Zile nukta za pembeni ziwe angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho. Ukishuka chini ya hapo, dawa inaweza kufika kwenye msuli unaoinua kope na mteja akakaa wiki kadhaa na jicho limelegea.

Mwambie pia lini ataona mabadiliko: baada ya siku chache, kamili kama wiki 2, na yatadumu miezi 3 hadi 4. Mteja asiyeambiwa hivyo atarudi siku ya pili akidai hujamchoma kitu.

Hatua ya 7: Fanya dharura mpaka iwe ya kawaida kwako

Hii ndiyo sababu ya kununua kifaa chote hiki. Mshipa kuzibwa na fila ni tukio ambalo huwezi kulifanyia mazoezi kwa mtu, na likitokea dakika zinahesabika. Kama programu yako haina zoezi hili, vaa miwani, chagua eneo la mdomo au mkunjo wa shavu, na msimamizi akutajie dalili ghafla bila kukuonya.

Dalili: maumivu makali yasiyolingana na sindano, ngozi kupauka, baadaye madoa kama ramani ya wavu. Bonyeza ngozi kwa kidole, achia, hesabu. Damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3 ukilinganisha na upande wa pili, chukulia kwamba mshipa umeziba.

Hapa simama kidogo. Sura zilizomo kwenye programu nyingi ni za watu weupe. Kupauka kunaonekana wazi humo. Kwenye ngozi ya Mmakonde au Mmwera hakuonekani hivyo. Kwenye ngozi nyeusi utaona rangi ya kijivu iliyofifia, au usione kitu. Kwa hiyo zoeza mambo mengine: uliza maumivu, angalia ndani ya mdomo ambako utando ni mwekundu, gusa kama pamepoa, linganisha pande mbili kwenye mwanga mzuri. Kama programu ina chaguo la rangi ya ngozi, weka nyeusi tangu siku ya kwanza. Kama haina, waandikie watengenezaji. Mimi nawaandikia, nawe waandikie.

Vitendo kwa mpangilio, kwa sauti:

Acha kusukuma, toa sindano. Taja saa, ita msaada. Muulize mteja: unaona vizuri? Jicho linauma? Kanda eneo, weka kitambaa cha uvuguvugu. Choma hayaluronidezi, kimeng'enya cha kuyeyusha fila, eneo lote lililoathirika, pima tena kurudi kwa damu, rudia mpaka irudi. Adrenalini iwe karibu, kwa sababu hayaluronidezi yenyewe inaweza kuleta mzio mkali.

Uoni ukipungua, mpe rufaa daktari wa macho papo hapo huku ukiendelea na tiba. Retina ikikosa damu kwa kama dakika 60 hadi 90, madhara huwa ya kudumu. Sasa fikiria ulipo. Kutoka Mtwara mjini, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, barabara ilikatika kule Somanga na hakuna aliyepita. Msaada wa kwanza ni wewe na friji yako. Bila hayaluronidezi chumbani, fila haifunguliwi.

Na hayaluronidezi huyeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki peke yake. Zile za kalsiamu haiziyeyushi. Msimamo wangu kwa yeyote anayeanza huku kusini: asidi ya hayaluroniki tu.

Kabla ya kutoka hatua hii, andika kwenye daftari namba za simu za daktari wa macho aliye karibu, wa Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine au Ndanda kulingana na ulipo. Zipigie mchana, ujue kama zinapokelewa.

Hatua ya 8: Hamishia mkononi siku hiyo hiyo

Rimoti za miwani hutetema tu. Hazikupi ukinzani wa ngozi, wala ule mpasuko mdogo sindano inapopita. Zipo kalamu maalumu zenye mota zinazorudisha ukinzani, lakini ni ghali, na paja la kuku linatosha.

Changanya salaini na tone la rangi ya chakula. Choma mililita 0.05 ndani ya ngozi, kisha chini ya ngozi, kisha ndani ya nyama. Pasua kwa wembe uone rangi imekaa wapi. Kabla hujapasua, sema unafikiri iko wapi. Hapo ndipo mkono unapojifunza. Sukuma polepole. Nyama hiyo isirudi jikoni, na sindano ziende kwenye kisanduku chake.

Hatua ya 9: Kwa mtu, ukiwa na msimamizi

Kwanza unatazama. Baadaye unachanganya dawa na kuhesabu. Baadaye unaweka alama usoni, msimamizi anachoma. Mwisho unachoma nukta moja, yeye akiwa amesimama hapo. Idadi ya mara aamue yeye.

Ukitaka kupiga picha au kuskani uso wa mteja uingizwe kwenye miwani kwa mafunzo, pata idhini ya maandishi inayosema wazi matumizi hayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na kuziba macho kwenye picha hakutoshi. Lindi mjini mtu hutambuliwa kwa kidevu.

Ikigoma

*Picha ina ukungu.* Sogeza miwani juu na chini usoni mpaka maandishi yawe makali, kisha angalia umbali wa lenzi. Kama ni mvuke, umetoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye joto, subiri ukauke.

*Kichefuchefu hakiishi hata baada ya siku kadhaa.* Programu inakusogeza kwa kijiti huku mwili umekaa. Kwenye mipangilio chagua kuhama kwa kuruka kutoka nukta hadi nukta, au ukae kabisa. Feni ikupulizie usoni. Usipande bodaboda ukiendesha mwenyewe mara tu baada ya kuvua.

*Mikono au rimoti zinapotea.* Kamera zinahitaji mwanga wa kutosha, ila si jua la moja kwa moja. Washa taa, funika kioo cha ukutani, badilisha betri ndogo ya rimoti.

*Miwani inazima baada ya muda mfupi.* Chaji yake ni kama saa 2 tu. Unganisha power bank kwa waya mrefu, uiweke mfukoni.

*Programu inanikatia alama ingawa msimamizi anasema nimefanya sawa.* Angalia bidhaa na kipimo kilichowekwa ndani yake. Vikitofautiana na vyenu, fuata karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa na msimamizi, uandike tofauti hiyo daftarini ili anayekufuata aijue.

*Alama ni za juu lakini mkono unatetemeka kwenye kuku.* Kaa, viwiko viguse mwili, kidole kidogo kiegemee kwenye ngozi ya kuku kama kitakavyoegemea kwenye mfupa wa shavu wa mteja. Shika bomba karibu na sindano. Choma na salaini tupu bila kuhesabu muda. Kama bado unatetemeka, achana na miwani kwa wiki hiyo, baki na kuku, na mwambie msimamizi kabla hajakupangia mteja.